Mtoto wa Mfanyakazi Acheze Wapi?

Saa kumi na moja za alfajiri, jogoo hawajamaliza zamu yao, mabasi ya shule yamekwisha anza kuzunguka katika mitaa ya Dar es Salaam yakiokota watoto. Mtoto wa miaka sita hupandishwa hali macho yake yamefumba, kichwa chake kikaangukia bega la mwenzake, na mkoba wa vitabu uliomzidi nguvu ukawekwa mapajani pake. Jioni hurudishwa jua likizama. Akiisha kula huketishwa kufanya kazi aliyopewa na mwalimu, na Jumamosi, iliyokuwa siku yake, hukabidhiwa mwalimu wa tuisheni. Muulize mzazi wake, ndugu msomaji, mtoto huyu hucheza saa ngapi kwa siku, naye atakujibu kwa fahari kwamba mwanawe si mtu wa mchezo.

Neno mchezo limeonewa katika mazungumzo yetu. Mtu akitaka kulidharau jambo husema ni mchezo wa kitoto. Fundi akiharibu kazi huambiwa alikuwa akicheza. Na baba akitaka kumsifu mwanawe husema hana mchezo. Hivyo tumezoea kuuhesabu mchezo kuwa ni makombo ya siku, kitu apewacho mtoto baada ya kila mwenye madai kwisha kuchukua fungu lake. Makala haya yamekusudia kusema kinyume chake: kwamba mchezo wa nje, ule uchezwao chini ya mti na juu ya mchanga, ni sehemu ya malezi kama vile chakula na masomo, na kwamba mtoto wa mfanyakazi, ambaye baba yake hana bustani yenye ukuta, hana mahali pa kuupata ila katika ardhi iliyo mali ya wote. Ardhi hiyo ikiisha, mchezo nao umekwisha.

Kwanza tuwatazame watoto wenyewe, maana watu wazima wengi tumeacha kuwatazama. Wasichana wawili wameketi mavumbini wakicheza mdako, na baina yao kipo kishimo chenye kokoto. Mmoja arusha kokoto moja juu, na kabla haijarudi mkononi amekwisha zikokoa nyingine kutoka kishimoni. Arusha tena, azirudisha zote isipokuwa zile za zamu yake: moja kwanza, kisha mbili, kisha tatu. Hesabu hiyo hufanywa na jicho, mkono na akili kwa pamoja, na akosaye hahitaji kuambiwa kwamba amekosa. Mvua ya masika ikikatika, wavulana huukimbilia mfereji mdogo uliochorwa na maji kando ya njia, wakaufunga kwa udongo na mawe. Maji hujaa, huvunja ukuta wao, nao huanza upya. Mara hii huacha ubavuni njia ya kupunguzia maji. Wahandisi hupelekwa vyuoni kujifunza jambo lilo hilo, na wala si aibu kwao kwamba watoto wa Manzese waliwatangulia.

Mtoto apandaye mwembe hulitikisa tawi kwanza kabla ya kulipa mwili wake wote. Hakuna aliyemfundisha, tawi lenyewe ndilo mwalimu. Baada ya miezi michache ajua kwamba mpera hupinda pasipo kuvunjika, na kwamba mpapai si mti wa kupandwa. Mwingine amelala kifudifudi kando ya ukuta akimtazama yule mdudu achimbaye kishimo mfano wa faneli katika mchanga mkavu, akajificha chini yake kungoja chungu aporomoke. Mtoto amchokoza kwa ujiti, angoja, amchokoza tena. Huenda nusu saa ikapita. Mwalimu wake akimwona hatasadiki kuwa ni mtoto yule yule asiyeweza kutulia darasani kwa dakika kumi.

Na katika kombolela au rede hapana refa. Sheria za mchezo hupatanwa pale pale, hubishaniwa, huvunjwa, na huwekwa upya. Mtoto mkubwa akizidi kudhulumu, wadogo husuka shauri lao wakasusa, na mchezo hufa. Basi yule mkubwa hutambua kwamba nguvu zake zote hazifai kitu, kwa maana bila wadogo hana wa kucheza naye. Sijui mkutano gani wa watu wazima ufundishao somo hilo upesi namna hiyo. Tena uangalie vitu wachezeavyo: vifuu vya nazi ndivyo vyungu, majani ya mwembe ndiyo mboga, mchanga ndio unga, na katika kujipikilisha huko karamu nzima huandaliwa bila ya senti moja kutoka. Kitu cha dukani kina kazi moja tu, na mtoto huichoka. Kifuu cha nazi leo ni chungu, kesho ni kofia, keshokutwa ni gurudumu.

Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ya misheni, ambako kengele ndiyo iliyotawala maisha yetu: kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya shamba, ya kulala. Saa moja tu ya siku haikuwa na mlio, baina ya kazi ya shamba na maji ya kuoga, nasi tuliitumia nyuma ya bweni, katika kichaka ambacho mabwana wakubwa walijifanya hawakioni. Mengi ya darasani nimeyasahau. Lakini njia za kichaka kile nazikumbuka moja moja, na wale niliocheza nao huko hata leo twaandikiana.

Huenda msomaji akaniambia kwamba hayo ni kumbukumbu tamu za mtu aliyekwisha kupita umri wa kupanda miti, na kwamba gazeti halina budi kuleta hoja. Basi nianze na jicho, maana katika jambo hili elimu ya siku hizi ina ushahidi wa waziwazi.

Katika miji mingi ya Asia ya Mashariki watoto wamekuwa wasioona mbali kwa idadi ya kutisha. Hawasomi maandishi ya ubaoni pasipo miwani. Hapo kwanza lawama yote ilitiwa kwenye vitabu na urithi wa wazazi. Lakini mwaka 2008 wataalamu walitangaza matokeo ya kulinganisha watoto wa miaka sita na saba, wote wa asili ya Kichina, baadhi yao wakiishi Singapore na baadhi yao Sydney, Australia. Wa Singapore walikuwa na ugonjwa huo 29 katika kila 100. Wa Sydney walikuwa 3 tu. Wazazi wao walikaribiana sana katika udhaifu wa macho, na tena hao wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi kwa juma. Tofauti iliyo kubwa ilikuwa moja: mtoto wa Sydney alikaa nje karibu saa 14 kwa juma, na mwenzake wa Singapore saa 3.

Wachina hawakutosheka na kulinganisha; walijaribu. Katika mji wa Guangzhou zilichaguliwa shule 12 za msingi. Katika shule sita watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, na shule sita nyingine zikaachwa na utaratibu wake wa zamani. Baada ya miaka mitatu, kama matokeo yalivyotangazwa mwaka 2015, katika shule zilizoongezewa walipatwa na ugonjwa huo watoto 30 katika kila 100, na katika zile nyingine karibu 40. Dakika arobaini! Ni muda upotezwao na basi moja katika foleni ya magari ya Ubungo.

Sababu yenyewe, kwa kadiri wataalamu waionavyo, ni mwanga. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Ndani ya darasa aghalabu haufiki luksi 500. Nje mchana hupita luksi 10,000, na jua likiwa kali huweza kufikia 100,000. Hata mtoto akiketi kivulini mwa mkungu hupata mwanga uliozidi wa darasani mara nyingi. Mwanga huo mwingi huufanya utando wa nyuma ya jicho kutoa kitu kiitwacho dopamini, nacho hulizuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi. Maana jicho lililorefuka ndilo lisiloona mbali. Serikali ya Taiwan tangu mwaka 2010 imezihimiza shule zake kuwatoa watoto nje jumla ya dakika 120 kwa siku, na hesabu ya wenye macho dhaifu, iliyokuwa ikipanda kwa miaka mingi, ikaanza kushuka. Sisi Afrika ya Mashariki hatujafika walikofika wao. Lakini tumeshika njia ile ile, na safari hii tumeianza na simu mkononi. Na bei ya miwani, ambayo hubadilishwa kila mara mtoto akuapo, kila mfanyakazi aliyeinunua aijua.

Mama wengi huogopa uchafu, na haki wanayo. Lakini uchafu si wa namna moja. Maji ya choo na taka za gulio ni adui. Udongo wa chini ya mti ni jambo jingine. Huko Finland, katika miji ya Lahti na Tampere, watafiti walichukua vituo vya kulelea watoto vilivyokuwa na viwanja vya changarawe tupu, wakaleta zulia la udongo wa msituni lenye mimea yake, pamoja na nyasi na masanduku ya kupandia mboga, wakawaacha watoto wa miaka mitatu hadi mitano wacheze humo. Baada ya siku 28 tu, vijidudu vilivyo juu ya ngozi za watoto hao vilikuwa vya namna nyingi zaidi, na katika damu yao zilionekana dalili kwamba kinga ya mwili imejitawala vizuri zaidi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2020. Walikuwa watoto 75 tu, wala sitaki kuyakuza. Hata hivyo yalingana na yale ambayo madaktari wengi wameyashuku kwa muda mrefu, kwamba mwili wa mtoto wahitaji kukutana na viumbe vidogo vya ardhi ili ujifunze kumtofautisha rafiki na adui.

Kuhusu viungo sitasema mengi, kwa kuwa hakuna abishaye. Shirika la Afya Duniani lataka mtoto wa miaka mitano hadi kumi na saba autumikishe mwili wake kwa nguvu dakika 60 kwa siku, na katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilisema kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate saa tatu za kujongea, na asiketi mbele ya kioo cha televisheni au simu zaidi ya saa moja. Ni nani kati yetu awezaye kumchezesha mtoto saa tatu ndani ya chumba kimoja chenye kitanda, kabati na jiko la mkaa?

Hapa pana kosa moja ambalo yafaa tujihadhari nalo. Wengine hudhani kwamba mtoto akishika jembe au ndoo amekwisha pata faida zote za kuwa nje. Hakika kazi ni malezi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kila shule iwe na shamba lake, ili mwanafunzi asitengwe na jasho la wazazi wake. Na mawazo hayo yangali na maana. Lakini kazi hupangwa na mkubwa, na mchezo hupangwa na mtoto. Katika kazi mtoto hujifunza kutii na kutimiza. Katika mchezo hujifunza kuamua. Mchungaji mdogo wa mbuzi kule kijijini alikuwa na vyote viwili katika siku moja: mbuzi ndio kazi, na bonde zima ndilo kiwanja. Wa mjini mara nyingi amepewa kazi peke yake, na hasa mtoto wa kike. Ndugu zake wa kiume wakingali uwanjani yeye amekwisha itwa achote maji, ambebe mdogo wake, apepete mchele. Rede na mdako hukatizwa nusu, na baada ya miaka kumi hukatizwa kabisa. Tukisema habari za mchezo wa watoto, tusiwe tunasema habari za wavulana tu.

Basi kuna hatari. Mtu asiyezitaja atakuwa amewahadaa wazazi. Barabara zetu huua. Mashimo yaliyochimbwa mchanga na kuachwa wazi hujaa maji ya mvua, na watoto huzama humo. Katika madimbwi na mito ya maji baridi mna konokono waenezao kichocho. Bonde la Msimbazi likifurika huchukua kila kinyaa cha mji. Wapo nyoka, na wapo watu walio wabaya kuliko nyoka. Hayo yote ni kweli, lakini dawa yake si kufunga mlango. Yafaa tutenganishe hatari ambayo mtoto hawezi kuiona na ugumu ambao anauona na kuupima mwenyewe. Waya wa umeme ulioanguka, shimo la choo lililofunikwa kwa bati bovu, gari litokalo nyuma ya kona: hayo ni wajibu wa wakubwa kuyaondoa, wala mtoto asiachiwe kujifunza kwayo. Urefu wa tawi, utelezi wa jiwe, ukali wa mteremko: hayo ni masomo yake, na goti lililochubuka ndiyo ada. Mzazi amzuiaye mwanawe asipande mti mfupi mbele ya macho yake, atakuja kumkuta juu ya mti mrefu mahali asipokuwapo mtu wa kumwita.

Zamani ulinzi huo haukuwa na gharama. Bibi aliyeketi barazani akichambua mchele aliwaona watoto wa mtaa mzima, na aliyekosa alikemewa na yeyote. Mama yake alipopata habari alimshukuru yule aliyekemea. Leo kila nyumba iliyopata uwezo imejenga ukuta na kuweka vipande vya chupa juu yake, na nyuma ya ukuta huo mtoto mmoja acheza na mpira wake peke yake. Sijui ni yupi wa kuhurumiwa zaidi, huyo au yule aliyebaki nje njiani pamoja na pikipiki.

Wenzetu wa Ulaya walikwisha yapata haya, nao walianza kwa kupoteza. Viwanda vilipojaa katika miji ya Uingereza katika karne ya kumi na tisa, watoto wa wafanyakazi walikulia katika vichochoro ambamo jua halikuingia kwa moshi na kwa msongamano wa nyumba, na mifupa yao ikapinda kwa ugonjwa wa matege. Mwaka 1890 daktari mmoja, Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi ya misheni Japani, alikusanya habari kutoka kwa wenziwe waliokuwa katika nchi za mbali akaona ajabu: maskini wa Asia, wenye chakula haba kuliko maskini wa Uingereza, hawakuwa na matege, kwa sababu walikaa juani. Wachache walimsikiliza. Mpaka mwaka 1919 ndipo Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, alipowaponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa ya pekee, na hoja ikathibitika. Fikiri hapo, ndugu msomaji: kitu ambacho mtoto wa Mtwara alikipata bure kila asubuhi, watu wa Berlin iliwabidi wakitengeneze kwa umeme.

Na kisa kingine chatoka Denmark. Mbunifu mmoja wa bustani, C. Th. Sørensen, alikuwa amewajengea watoto viwanja vizuri vyenye bembea na njia zilizosawazishwa, kisha akatambua kwamba watoto waliviacha wakaenda kucheza penye majengo yasiyokwisha, kati ya mbao na matofali. Hakuwakasirikia, aliwafuata. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, kilifunguliwa kiwanja huko Emdrup, pembezoni mwa Copenhagen, katika mtaa wa nyumba za wafanyakazi. Hakikuwa na bembea. Kilikuwa na udongo, mbao kuukuu, misumari na matofali, na mlezi mmoja, John Bertelsen, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapo bila kuamrisha. Watoto walijenga vibanda, wakavibomoa, wakajenga tena. Baada ya vita Lady Allen of Hurtwood, mwanamke wa Uingereza, alikizuru, akarudi kwao kuwahimiza watu wafanye kama hicho katika viwanja vilivyoachwa tupu na mabomu. Nakitaja kisa hiki kwa sababu gharama zake zilikuwa ndogo mno. Kitu pekee kilichokuwa ghali katika Emdrup ni kile ambacho hata sisi chatushinda: ardhi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiuza.

Tuitazame basi ardhi yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu kiasi cha 273,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu zaidi ya 5,380,000. Sehemu kubwa yao wakaa katika mitaa ambayo nyumba zilitangulia na upimaji ukafuata, au haukufuata kamwe. Na mahali ambapo mpimaji hajafika, hakuna atengaye kiwanja cha watoto. Hata penye ramani, viwanja vya wazi vimeliwa kidogo kidogo. Kwanza hutokea kibanda cha soda. Kisha gereji chini ya mwembe. Kisha uzio wa mabati, na nyuma ya mabati msingi wa nyumba. Mwembe hukatwa siku ya mwisho, usiku. Mwenye kujenga ana karatasi, na karatasi ina mhuri, na watoto waliokuwa wakicheza hapo hawana karatasi wala mhuri. Shule nazo hazikusalimika: penye mamia ya watoto utakuta ua mwembamba uliosakafiwa saruji, madarasa yakiongezwa kila mwaka juu ya kile kilichokuwa kiwanja. Madarasa ni lazima, hilo sibishani nalo. Nauliza tu kwa nini kila mara kiwanja ndicho kilipacho.

Si lazima twende mbali kutafuta mfano ulio bora. Mnazi Mmoja, kiwanja kile kilicho baina ya Kariakoo na mjini, hakikuachwa wazi kwa mapenzi. Mpango wake ulianza wakati wa Wajerumani na kutimizwa na Waingereza katika miaka ya 1920, kwa nia ya kuyatenga makazi ya Waafrika na yale ya Wahindi na Wazungu. Ulikuwa ni mpaka wa rangi uliopandwa majani. Mpaka huo ulikufa pamoja na waliouchora, lakini ardhi ilibaki. Leo pana bustani na Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na watoto wa Kariakoo hukimbizana mahali ambapo babu zao walikusudiwa wasivuke. Vivyo hivyo Coco Beach, ambako siku za sikukuu familia hushuka kwa daladala kutoka kila pembe ya mji, na mtoto ambaye hajapata kuona ukuta wa Oysterbay kwa ndani huchimba mchanga ule ule uchimbwao na mtoto wa Oysterbay. Na mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi una ndani yake mpango wa bustani kubwa ya watu wote. Bustani hiyo tuingoje kwa macho mawili, tena tuitazame milango yake siku itakapofunguliwa, tujue kama ina kiingilio.

Sheria haikosekani. Mapatano ya Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo Tanzania iliyathibitisha mwaka 1991, yataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Tunayo pia Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009. Lakini haki ya kucheza pasipo mahali pa kuchezea ni kama haki ya kuvua samaki katika bahari iliyokauka.

Mwalimu mkuu hahitaji kungoja barua kutoka wizarani ili kuwapa watoto mapumziko ya kweli ya nusu saa, wala ili kulifundisha somo la mimea chini ya mti badala ya ubaoni. Hata shule yenye ua mwembamba yaweza kupanda miwili mitatu ya kivuli, mwarobaini au mkungu, ambayo hukua upesi. Mzazi aliyejibanza katika chumba kimoja aweza kumtoa mwanawe saa moja ya jioni kabla ya magharibi, na akiwa hawezi kwa sababu ya zamu ya kiwandani, majirani watano wakipeana zamu ya kuketi nje wamemaliza shida hiyo bila ya kulipa mlezi. Mwalimu wa tuisheni naye apewe siku mbili za juma, zisizidi. Mtoto hatafeli mtihani kwa sababu ya Jumamosi moja aliyoitumia kutengeneza gari la waya.

Iliyobaki ni kazi ya mtaa. Katika mitaa iliyopimwa, halmashauri ina ramani ya mipango miji, na katika ramani hiyo viwanja vya wazi hutiwa rangi ya kijani. Mwananchi yeyote ana haki ya kuuliza habari zake katika mkutano wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa ana wajibu wa kumjibu. Jumapili moja, badala ya kuketi kulalamika, watu kumi na wazitafute karatasi hizo, wazikunjue, wawachukue na watoto wao, watembee mguu kwa mguu kutoka kijani hadi kijani, waone ni kipi kingali mchanga na ni kipi kimekwisha kuwa ukuta.